Tuuze kiwanja twende IVF? Jibu kwa msomaji wa Lamu

SWALI: Assalamu aleikum daktari. Nina miaka 33, naishi Langoni, Lamu, na tuko mwaka wa nne wa ndoa. Mwaka wa kwanza nilishika mimba, ikaharibika ikiwa ya miezi mitatu, nikasafishwa. Tangu hapo sijashika tena. Siku zangu zaja kila baada ya siku 28 hadi 34. Zamani nilikuwa nikienda siku tano, sasa ni mbili tu na damu ni haba. Mume wangu ana miaka 41, ni mvuvi, na ana mtoto wa miaka kumi kwa mtalaka wake, kwa hivyo mavyaa asema kasoro iko kwangu. Yeye hajapimwa. Nimekunywa dawa za chango, na miezi minne nimekunywa vidonge vya kushika mimba nilivyonunua duka la dawa. Tuna kiwanja Hindi, twataka kukiuza twende Nairobi tukafanyiwe IVF. Tafadhali nishauri.

JIBU: Waaleikumu salaam, dada. Kiwanja kisiuzwe bado. Katika maelezo yako mna jambo moja ambalo IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, haitaliponya, na likiachwa laweza kuifanya IVF yenyewe ipotee bure. Nalo ni hiyo damu iliyopungua tangu uliposafishwa.

Utando wa ndani wa kizazi huota upya kila mwezi kutoka tabaka jembamba lililo chini yake. Mimba inapoharibika na mabaki yakatolewa kwa kukwanguliwa, hasa kwa kifaa cha chuma badala ya pampu ya kuvuta, tabaka hilo laweza kuchunika. Ukuta wa mbele na wa nyuma hugusana vikiwa vidonda vibichi, na vinapona vikiwa vimeshikana. Hapo ndipo makovu ya ndani ya kizazi yanapotokea. Mwanamke aendelea kupevusha yai kila mwezi, siku zake zaja kwa wakati, lakini damu ni kidogo kwa sababu utando wenyewe wa kutoka ni kidogo. Mimba haipati pa kushika, au hushika ikaharibika tena. Ukienda Nairobi leo, ukadungwa sindano, mayai yakatolewa na kiinitete kizuri (yai lililokwisha kurutubishwa) kikawekwa katika kizazi cha namna hiyo, kitakuwa kimewekwa mahali pasipo na malisho.

Sisemi kwamba unayo makovu hayo, maana hilo halijulikani kwa kusimuliwa. Damu hupungua pia kwa sababu nyingine: sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu kama ulidungwa baada ya kusafishwa, tezi ya thairoidi, homoni ya maziwa iliyopanda, au kukonda sana. Hata hivyo, mwanamke aliyekuwa akienda siku tano, akasafishwa, kisha akawa anaenda mbili, kizazi chake kichunguzwe ndani kabla ya jambo jingine lolote lenye gharama.

Uchunguzi wa kwanza ni ultrasaundi ya kupitia ukeni, ifanywe karibu na siku yai linapopevuka. Kwako hiyo ni kati ya siku ya 14 na ya 20, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa ndiyo siku ya 1. Wakati huo utando unatakiwa uwe umenenepa. Ukiwa chini ya milimita 7 pale ambapo yai limekomaa, shaka yaongezeka. Ultrasaundi hiyohiyo itaonyesha uvimbe wa kizazi, maji kwenye mirija, na vifuko vya mayai vikoje. Mwambie anayepima kwa nini umekuja siku hiyo, la sivyo atakuandikia “kizazi cha kawaida” na wewe utarudi nyumbani bila jibu.

Cha pili ni picha ya mirija kwa eksirei, ile iitwayo HSG. Hufanywa baada ya damu kukatika kabisa na kabla ya siku ya 12, na tangu siku zako zianze hadi siku ya picha msikutane, ili isije ikafanywa juu ya mimba changa. Unalala chali, mlango wa kizazi husafishwa, mrija mwembamba huingizwa, na dawa inayoonekana kwenye eksirei, mililita 5 hadi 10, husukumwa polepole huku picha zikipigwa. Maumivu yake ni kama ya hedhi kali na huchukua dakika chache. Ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla hupunguza, kwa asiye na vidonda vya tumbo wala pumu inayochochewa na dawa hizo. Kama ulishawahi kudhurika kwa dawa ya eksirei au ayodini, sema kabla hujapanda kitandani. Na kama una homa, uchafu unaonuka au maumivu ya chini ya kitovu, picha isifanywe hadi utibiwe, kwa sababu dawa inaposukumwa huwapandisha wadudu juu.

Katika picha hiyo kizazi kizima huonekana kama pembetatu nyeupe iliyojaa. Chenye makovu huonekana na mapengo meusi yenye kingo zisizo sawa. Mirija iliyo wazi humwaga dawa tumboni pande zote mbili. Kuna kosa moja la kusoma picha ambalo huwapeleka wanawake wengi kwenye gharama bila sababu: mrija unaweza kujikaza kwa maumivu au hofu, dawa isipite pale unapoanzia, na ripoti ikaandikwa “umeziba”. Kuziba kwa mwanzo wa mrija, hasa wa upande mmoja, kwahitaji kuthibitishwa. Kuziba kwa mwisho wake, ambapo mrija umevimba kama soseji iliyojaa maji, hilo huwa ni kweli, na kwa kawaida ni alama ya maambukizo ya zamani: klamidia, kisonono, au usaha uliofuata mimba kuharibika. Jaribio kubwa la Uholanzi lililochapishwa 2017 lilionyesha kwamba wanawake waliopigwa picha hii kwa dawa yenye mafuta walishika mimba iliyoendelea karibu 40 katika kila 100 ndani ya miezi sita, dhidi ya 29 kwa dawa ya maji. Kwa hivyo ukiambiwa mirija iko wazi, miezi inayofuata usiipoteze.

Makovu yakionekana, tiba ni kamera ya kizazi: darubini nyembamba hupitishwa mlangoni mwa kizazi bila kupasua tumbo, na makovu hukatwa yakiwa yanaonekana kwa macho. Aliye na makovu mepesi hutoka siku hiyohiyo. Mara nyingi hupewa homoni ya estrojeni wiki kadhaa ili utando uote upesi, kisha kamera hurudiwa baada ya mwezi mmoja au miwili kuona kama kuta zimeshikana tena, jambo ambalo hutokea sana makovu yakiwa mazito. Tafadhali usikubali kusafishwa tena kwa kukwanguliwa ati ndiyo tiba ya damu haba. Hilo huongeza kilekile kilichokuumiza. Na aliyetibiwa makovu, mimba yake inapokuja, ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezwa, kwa sababu kondo la nyuma laweza kushikana mno na kizazi.

Sasa mume. Kuwa na mtoto wa miaka kumi kwathibitisha kwamba miaka kumi na moja iliyopita mbegu zake zilikuwa na nguvu. Hakusemi lolote kuhusu leo. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume una sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Mvutie pembeni, si mbele ya mamake, umwambie kwamba kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote: hakichomi wala hakiumi, na chaweza kubadilisha mpango mzima.

Kipimo cha manii kina masharti, na yakivunjwa majibu huwa ya uongo. Akae bila kutoa manii siku 2 hadi 7. Zikiwa pungufu idadi hushuka, zikizidi mbegu huwa chovu. Manii yote yaingie kwenye kikopo cha maabara. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi, likimwagika aseme. Yafike mezani kwa mpimaji ndani ya saa moja, yakiwa yamewekwa karibu na mwili, mfuko wa ndani au chini ya shati. Yasitiwe kwenye sanduku la barafu wala yasipigwe na jua. Kwa watu wa Langoni na Mkomani hilo lawezekana. Kwa aliye Faza, Siyu au Kizingitini halifai kabisa, boti haitamfikisha kwa wakati, basi asafiri yeye na atoe palepale kituoni. Anayeona uzito wa kujitoa kwa mkono kwa sababu ya dini aombe mfuko maalumu wa kukusanyia manii wakati wa tendo na mkewe. Kondomu ya kawaida haifai, mpira na mafuta yake huua mbegu.

Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani katika toleo la 2021 ni hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, zinazotembea 42 katika 100, na zenye umbo zuri 4 katika 100. Hiyo 4 huwashtua watu wakidhani 96 zilizobaki ni ugonjwa, na sivyo, ni kawaida ya wanaume. Majibu yakiwa mabaya yarudiwe baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu huchukua siku 70 na ushei kutengenezwa, na homa ya malaria ya mwezi uliopita yatosha kuziharibu. Muda huo aache sigara na muguka, asikae na maji ya moto, na aseme kweli kama amewahi kudungwa testosteroni kwa ajili ya nguvu au misuli, maana homoni hiyo ya nje huzima kiwanda cha mbegu chote, na kikishazimwa huchukua miezi kadhaa kuamka. Kama amewahi kupasuliwa ngiri au busha, au kupata matubwitubwi akiwa mtu mzima, daktari ajue.

Kuna hesabu nyingine ya mvuvi ambayo wenye kliniki hawaiulizi. Yai huishi chini ya siku moja, mbegu huishi hadi siku tano, kwa hivyo siku za kushika mimba ni sita tu kwa mwezi, zinazoishia siku yai linapopevuka. Akienda dago, kambi ya uvuvi, wiki mbili, au akitoka usiku na kurudi mchana amechoka, miezi mingi hiyo miaka mitatu imepita bila nyinyi kukutana katika siku hizo. Hesabuni kwa haki miezi mliyokuwa pamoja. Kwa mzunguko wako wa siku 28 hadi 34, siku muhimu ni kuanzia ya 9 hadi ya 20: kila baada ya siku mbili yatosha. Msitumie mate wala mafuta ya manukato kulainisha, hupunguza mwendo wa mbegu. Na kujiosha ndani kwa sabuni, shabu au dawa za kubana kuachwe. Udi wa nguo na chumba hauna neno.

Kipimo chako cha kupevusha yai ni homoni ya projesteroni, ambayo hupimwa siku saba kabla ya damu inayofuata. Maabara nyingi huichukua siku ya 21 kwa kila mtu, na hapo ndipo wenye mzunguko mrefu hupewa jibu baya pasipo na ugonjwa. Wewe upimwe siku ya 21, na urudie siku ya 27 ikiwa damu haijaja. Ikivuka nanogramu 3 kwa mililita, yai limepevuka. Pamoja nayo pima thairoidi, homoni ya maziwa, kaswende, virusi vya ukimwi na kundi la damu. Kama kundi lako ni hasi, uliza kama ulipewa sindano ya kinga mimba ilipoharibika, na daktari wa mimba inayofuata alijue hilo mapema. Anza sasa asidi ya foliki miligramu 0.4 kila siku. Kama ulikulia upande wa delta ya Tana, ukioga madimbwini, mwambie daktari, maana kichocho cha sehemu za uzazi huumiza mirija, na hutibiwa kwa praziquantel.

Vile vidonge ulivyonunua yaelekea ni klomifeni au letrozoli. Hizi husaidia asiyepevusha yai, kwa mfano mwenye siku zinazokuja kila miezi miwili au mitatu. Wewe siku zako zapishana kidogo tu, kwa hivyo huenda unapevusha mwenyewe, na dawa hiyo haifungui mrija wala haiondoi kovu. Zaidi ya hayo, klomifeni huweza kuupunguza utando wa kizazi, nao wako tayari una mashaka. Iache. Ikionekana kweli hupevushi, letrozoli miligramu 2.5 au 5 kwa siku tano, kuanzia siku ya 3, huku ultrasaundi ikihesabu mayai, ndiyo njia, ili usibebe mapacha watatu kwa bahati mbaya. Za chango nazo ziache, hasa zile za kuingiza ukeni.

Majibu yakishakusanyika, njia zitajitenga zenyewe. Kizazi safi, mirija wazi, yai lapevuka na manii mazuri: endeleeni wenyewe miezi sita kwa hesabu ya siku niliyotoa. Manii yakiwa dhaifu kidogo, na mrija mmoja angalau uko wazi, kuna njia ya kuwekewa mbegu kizazini. Manii huoshwa maabara, mbegu zenye mwendo zikachujwa, na kiasi cha nusu mililita hivi kikapitishwa kwa mrija laini hadi ndani, saa 36 hivi baada ya sindano ya kupasua yai. Nafasi yake ni kama 10 hadi 15 katika 100 kwa kila jaribio. Zisipobaki angalau milioni 5 zinazotembea baada ya kuoshwa, hupungua sana. Baada ya majaribio matatu au manne msiendelee, mtakuwa mnatumia pesa za IVF kidogo kidogo.

IVF ni yenu moja kwa moja ikiwa mirija yote miwili imeziba, au mbegu ni chache mno, au hakuna kabisa kwenye manii na yabidi zitolewe kwenye korodani. Hapo mwisho hutumika ICSI, ambapo mbegu moja huingizwa ndani ya yai moja kwa sindano. Na kama mrija umejaa maji, ukatwe au ufungwe kwanza. Maji yale hurudi kizazini na kupunguza mafanikio karibu nusu, na kliniki isiyokueleza hilo usiilipe.

Sindano za kukuza mayai huchukua siku 8 hadi 14, ultrasaundi kila baada ya siku mbili tatu, mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baada ya sindano ya mwisho, kiinitete hurudishwa siku ya 3 au ya 5, na damu hupimwa mimba wiki mbili hivi baadaye. Maana yake ni kukaa mjini karibu wiki tatu, kwa hivyo chumba na chakula viingie katika hesabu. Sindano nyingi hutunzwa nyuzi 2 hadi 8. Ukizibeba kwenye boti, barafu isiguse chupa, dawa ikiganda imeharibika. Kulala kitandani baada ya kurudishiwa hakuongezi nafasi, waweza kusafiri. Tumbo likifura kwa kasi, uzito ukipanda zaidi ya kilo moja kwa siku au pumzi ikibana, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa umri wako, katika kituo kizuri, takriban mwanamke mmoja kati ya watatu huzaa kwa mzunguko mmoja. Bei za Kenya mara nyingi huanzia laki tatu na nusu na kupita laki sita, dawa zikiwa ndani au nje. Kabla ya kulipa waulize: kati ya wanawake wa umri wangu wangapi walizaa, si wangapi walishika mimba tu? Dawa, kuganda kwa viinitete na kurudisha mara ya pili ni kiasi gani? Kikopo cha mume wangu chawekwa alama mbele ya nani? Wakikutisha kwa kipimo cha AMH, jua kwamba hicho huonyesha mayai mangapi yatapatikana kwa sindano, hakisemi kwamba huwezi kushika mwenyewe.

Kuhusu dini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao cha Amman cha 1986, liliruhusu njia hizi kwa haja, mbegu ikiwa ya mume na yai la mke, na kurudishwa kwa mke yuleyule ndoa ikiwa hai. Mbegu au yai la mtu mwingine, na kubebewa mimba na mwanamke mwingine, lilivikataza. Baadhi ya kliniki huitaja njia ya mbegu ya kuchangiwa kama jambo dogo, basi waandikieni msimamo wenu tangu siku ya kwanza.

Hatua zenu basi ni hizi: manii na damu wiki hii (projesteroni isubiri siku yake), hapo Lamu au Malindi, ultrasaundi na HSG mzunguko ujao, Malindi au Mombasa, kwa safari moja mkizipanga vizuri, kisha daktari bingwa wa uzazi akiwa na majibu yote mkononi. Muda wa miezi mitatu watosha, na kwa miaka 33 hauwapotezei kitu.

Na mimba itakapoingia, kwa njia yoyote ile, fanya ultrasaundi wiki ya 6 au ya 7 kuona kama iko ndani ya kizazi, kwa kuwa aliyeumia kizazi au mirija yumo katika hatari ya mimba kutunga nje. Maumivu makali upande mmoja, bega kuuma, kizunguzungu au kuzimia, hata kama damu haionekani, ni dharura ya kupasuliwa. Ikitokea usiku, amsheni watu, msingoje kupambazuke.